Ouagadougou: Mji wa Sinema na Binti Juu ya Farasi

Wengi mmetuuliza habari za safari, basi leo tunawasimulia siku yake ya mwisho.

Sisi wanne tuliotumwa na chama tulikwenda Ouagadougou, mji mkuu wa Burkina Faso, kujifunza kutengeneza sabuni ya siagi ya karite. Mafunzo yalipokwisha, wenyeji wetu walitutafutia basi dogo na kijana wa kutembeza wageni. Mmoja wetu hakutaka kupanda. Binti yake amemaliza sekondari na anaomba kusomea kutengeneza filamu. Mama amekataa: ni kazi ya wahuni, haileti bukari nyumbani. "Sasa na nyinyi mnanipeleka kwenye sinema!" Alipanda tu kwa kuogopa kubaki peke yake.

Tulianzia Place des Cinéastes, mbele ya jumba la meya. Pale katikati ya barabara kuna mnara mrefu, umejengwa mfano wa magurudumu ya filamu na lenzi za kamera zilizopandana. Pikipiki zinauzunguka kama nyuki. Kiongozi alitueleza kwamba tamasha la filamu za Afrika, FESPACO, lilianza hapa mwaka 1969, na siku hizi hufanyika kila baada ya miaka miwili. Aliyeongoza kamati ya tamasha la kwanza alikuwa mwanamke, Alimata Salembéré. Mwaka 1970 serikali ilichukua majumba ya sinema yaliyokuwa mikononi mwa makampuni ya kigeni, na sehemu ya pesa za tiketi ikasaidia filamu za nchi.

Tukapita kwenye sanamu za watengeneza filamu: Sembène Ousmane wa Senegal, na Idrissa Ouedraogo, mtoto wa nchi. Tuliuliza maana ya Ouedraogo. Ni farasi dume, akajibu, kisha akatusimulia habari za Yennenga. Alikuwa binti wa mfalme, hodari wa vita. Baba yake alimpenda hata akakataa aolewe, maana jeshi lilimhitaji. Binti akatoroka juu ya farasi, akafika porini, akakutana na mwindaji Riale. Mtoto wao waliyemwita Ouedraogo ndiye mzee wa wafalme wa Wamosi. Ndiyo sababu tuzo kubwa ya FESPACO ni sanamu ya mwanamke mwenye mkuki juu ya farasi.

Tulipumzika kivulini na bisap baridi, kinywaji cha maua ya ngai-ngai. Kumbe sisi tunapika majani tu! Hapo kiongozi akataja washindi. Filamu ya 2025 inaitwa Katanga. Tukapiga vigelegele, mpaka akatuambia kwamba ni ya Dani Kouyaté wa hapo hapo Burkina Faso, wala si ya kwetu. Lakini mwaka 1999 alishinda Mweze Ngangura, mzaliwa wa Bukavu. Na 2017 ilishinda Félicité ya Alain Gomis, iliyopigwa Kinshasa. Véro Tshanda Beya anacheza mama mwimbaji anayezunguka mji kutafuta pesa za kumpasulia mtoto wake aliyeumia ajalini. Tulinyamaza. Nani kati yetu hajazunguka hivyo?

Ndipo mama mwenzetu, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akauliza: "Hao walioshinda farasi wa dhahabu, wanawake ni wangapi?"

Kijana alitazama chini. "Kati ya waongozaji, hata mmoja bado." Akaongeza kwamba Apolline Traoré alipata farasi wa fedha mwaka 2023 kwa filamu yake Sira.

"Yaani mwanamke yuko juu ya farasi, na wanaume tu ndio wanaompeleka nyumbani!"

Tulicheka, yeye hakucheka. Jioni tulimwona akichagua picha za mnara kwenye simu na kumtumia binti yake. Hakuandika neno.

Hajakubali bado. Karo ni nzito, na hofu ya mzazi haiishi kwa matembezi ya siku moja. Lakini amesema binti aje Jumamosi kwenye mkutano wetu na simu yake, apige picha za video tukitengeneza sabuni, kisha atuonyeshe sote alichofanya. Wamama, njooni na mabinti zenu. Tutatazama pamoja.