Neria: Wimbo Tuliujua, Filamu Tukaisaka

Kuna mazungumzo ambayo wapenzi wengi huyakwepa kama mdai wa dukani. Mama mkwe, ada za shule, madeni, hayo tutayaongea hata kwa kununa. Lakini hebu jaribu kumuuliza mumeo, "Ukiondoka leo, mimi na watoto tutabaki na nini?" Wangu alinijibu kwa kicheko: "Sasa mke wangu, mbona unaniombea kifo?" Mara tatu nilimgusia, mara tatu jibu likawa hilo hilo. Na kiwanja chetu cha Goba, tulichokilipia kwa mishahara yetu wote wawili, hati yake ilikuwa na jina moja tu. La kwake.

Ila mume wangu ana ugonjwa wake: Oliver Mtukudzi. Tangu mwanamuziki huyo wa Zimbabwe afariki Januari 2019, Jumapili haipiti bila "Neria" kupigwa sebuleni. Wimbo anauimba wote, Kishona hajui hata neno. Siku moja nikamwambia, "Unajua kwamba huo wimbo ni wa filamu?" Akanigeukia. "Filamu gani? Tuitafute!" Hapo ndipo nilipopata upenyo.

Filamu yenyewe

Neria ni filamu ya Zimbabwe ya mwaka 1993, iliyoongozwa na Godwin Mawuru kutokana na hadithi ya mwandishi Tsitsi Dangarembga. Jesesi Mungoshi ndiye Neria, mke ambaye pamoja na mumewe Patrick wamejijenga mjini kwa jasho lao. Patrick anafariki kwa ajali. Msiba hata haujapoa, shemeji mtu, Phineas, anaanza kukusanya mali kwa kisingizio cha mila. Tuku mwenyewe anaigiza kama kaka yake Neria. Mwisho sikwambii, utajionea.

Msako unaanza

Kijana anayetujazia muvi kwenye flashi ana kila kitu, Wakorea, Wanaijeria, Waturuki. Nilipomtajia Neria, akaniwekea wimbo. Kwenye intaneti tukaambulia vipande: hapa dakika kumi, pale nakala yenye ukungu ambayo sauti inafika kabla ya mdomo kufunguka. Mume wangu akataka tukate tamaa. Mimi sikuwa tayari, si unajua nilikuwa na yangu moyoni.

Aliyetuokoa ni shangazi yangu, mstaafu ambaye miaka ya tisini alikuwa akiendesha semina za wanawake mikoani. Nilimpigia simu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Neria? Hiyo nimewaonyesha wajane mpaka kanda ikataka kukatika!"

Kumbe ilikuwa uvunguni mwa kitanda chake, kwenye begi la vitenge. Kanda ya video, ile kubwa nyeusi. Furaha yetu ikadumu mpaka mtu alipouliza: nani ana deki siku hizi?

Jibu lilikuwa Kariakoo, kwa fundi anayehamisha kanda za harusi za zamani kwenda kwenye diski na flashi. Chini ya meza yake zilipangwa deki tatu nzima. Alifungua kifuniko cha kanda, akatuonyesha unga mweupe pembeni. "Huu ni ukungu. Ukiichomeka hivi hivi unachafua kichwa cha deki, na kanda itakayofuata inaambukizwa." Akaisafisha taratibu, akaicheza mara moja tu huku akiirekodi kwenye kompyuta. Kanda ya umri ule, alisema, usiichezee majaribio.

Jumamosi usiku

Watoto walilala, bisi zikawa mezani. Mwanzoni mume wangu alikuwa akiimba na kumnyooshea Tuku kidole. Phineas alipoanza kubeba vitu, akanyamaza. Baadaye akasema polepole, "Huyu mbona kama baba mdogo."

Ndipo aliponisimulia kitu ambacho kwa miaka tisa ya ndoa sikuwahi kukisikia. Baba yake mkubwa alipofariki, mjane aliondoka na godoro moja na sufuria mbili. Yeye alikuwa mtoto wa darasa la nne, na ndiye aliyetumwa kubeba zile sufuria mpaka stendi.

Filamu ilipoisha hakuwasha taa. Aliniuliza tu, "Hati ya Goba iko wapi?"

Mwezi ule tulikaa na mwanasheria. Wosia umeandikwa, tumeupeleka RITA, ambao hupokea na kuhifadhi wosia, na taratibu za kuweka majina mawili kwenye hati zimeanza. Hakuna aliyeombewa kifo.

Nawe una filamu unayoisaka?

*Fuata majina ya watu.* Usitafute jina la filamu peke yake. Mtayarishaji wa Neria, John Riber, baadaye alifanya kazi hapa hapa Tanzania. Tamthilia ya Siri ya Mtungi ya mwaka 2012 ina mkono wake. Aliyeitengeneza filamu anaweza kuwa karibu kuliko unavyodhani.

*Waulize walioionyesha.* Filamu nyingi za Kiafrika za enzi zile zilipitia kwenye mashirika, vyuo, vituo vya utamaduni na matamasha kama ZIFF la Zanzibar, lililoanza mwaka 1998. Wastaafu wana makabati, bwana!

*Ukiagiza DVD nje, angalia namba ya eneo.* Marekani ni 1, Ulaya ni 2, kwetu ni 5. Deki isiyosoma maeneo yote itaikataa.

*Kagua runinga yako.* Nyingi za sasa hazina matundu ya zile waya za rangi tatu, kwa hiyo utahitaji kibadilishi.

*Kama mwenye haki anaiuza, nunua kwake.* Ndivyo filamu za zamani zinavyopata mtu wa kuzitunza.

Na ukishaipata, mpenzi msomaji, usimsimulie mwenzako kabla, wala usimhubirie baadaye. Kaeni kochi moja, mtazame hadi mwisho, halafu umwache azungumze wa kwanza.