Viwanja vya Kibaha, Hekta za Kisarawe

Anayenunua pori Kibaha, akaliacha vilevile, kisha akaliuza kwa bei maradufu, hakuongeza kitu. Bei ilipandishwa na barabara ya njia nane ya Kimara hadi Kibaha, iliyojengwa kwa kodi za wananchi, na upimaji uliogeuza shamba kuwa viwanja vyenye bikoni. Faida ya ulanguzi wa ardhi huzaliwa na uamuzi wa mamlaka, na humwendea aliyeujua mapema. Ndivyo ilivyokuwa hata Marekani ikiwa taifa changa. Mwaka 1795 bunge la jimbo la Georgia, ambamo wabunge wengi walikuwa na hisa kwenye makampuni yaliyonunua, liliuza takriban ekari milioni 35 kwa dola 500,000, huku Wacreek, Wachoctaw na Wacherokee wakiwa bado wanaishi humo.

Kisarawe inaonyesha jambo hili kwa uchungu zaidi. Kampuni ya Sun Biofuels ya Uingereza ilitaka kulima mibono kwa ajili ya mafuta, kwenye hekta zipatazo 8,211 za vijiji 11. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji haiwezi kumilikishwa mwekezaji wa nje mpaka Rais aihamishie kwenye ardhi ya jumla. Ikahamishwa, na mwaka 2009 kampuni ikapata hati ya miaka 99. Fidia inapokadiriwa, mthamini huhesabu mikorosho na minazi, kila mti na mwenyewe; bwawa ambamo kijiji kizima huchota maji halina jina la kulipwa. Mwaka 2011 kampuni ilikwama na mradi ukauzwa kwa wengine. Mibono ilikuwa imeshindwa. Chenye thamani kilikuwa hati.

Watasema mlanguzi naye hubeba hatari. Ni kweli: Robert Morris, mmoja wa waliotia saini Tamko la Uhuru la Marekani, alifungwa mwaka 1798 kwa madeni ya ardhi. Lakini yeye aliingia kwa hiari. Watasema pia kwamba mwanakijiji huuza mwenyewe. Huuza, ndiyo, akiweka dole gumba kwenye karatasi ya mauziano mbele ya mwenyekiti, bila kuiona ramani ambayo dalali ameshaiona.

Mipango ya barabara na upimaji ibandikwe kwanza kwenye ofisi za vijiji na mitaa. Na sheria itamke wazi kwamba mradi ukifa, ardhi inarudi kijijini.