Kelele Katika Kurekodi: Ijue Sauti Yake, Utaijua Dawa Yake

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha 3

Siku hizi mwenye simu ya rununu ana studio mfukoni. Hapa Lindi, na pande zote za Kibera hadi kule Kawangware, wako vijana wanaorekodi nyimbo na mashairi ndani ya chumba kimoja cha mabati. Chama chetu nacho kina haja ya kurekodi ngano na methali za nyanya na babu zetu, pamoja na za wazee wa Kinubi kule Makina. Lakini ukisikiliza kazi nyingi za nyumbani utapata maneno yamemezwa na kelele. Hili si jambo dogo. Wimbo unaweza kuimbwa tena kesho, lakini mzee wa miaka 80 hawezi kuambiwa arudie hadithi mara tano, na pengine mwaka ujao hatutakuwa naye.

Wengi wakisikia kelele hukimbilia kutafuta pesa za maikrofoni mpya. Hiyo ni sawa na kumeza dawa kabla ya kujua unaumwa wapi. Kwanza sikiliza kimya. Panga vifaa vyako kama utakavyorekodi, anza kurekodi, kisha watu wote wanyamaze kwa nusu dakika. Halafu sikiliza kwa visikizi vya masikioni, sio kwa spika ya simu, maana spika ndogo haiwezi kutoa mvumo mzito. Kila kelele ina mlio wake, na mlio ndio utakaokuonyesha inakotoka.

(a) "Mmmmm." Mvumo huu mzito ni wa stima. Stima ya Kenya ni ya volti 240 na huenda na kurudi mara 50 kila sekunde, na mwendo huo ndio unaousikia. Kama unatumia laptopu, chomoa chaja urekodi kwa betri. Mvumo ukitoweka, mkosaji umempata. Ikiwa ni lazima utumie stima, chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja. Vikichomekwa pahali pawili, nyaya zao za ardhini na nyaya za sauti huungana zikafanya mduara, na mvumo hupitia humo. Pia usilaze waya wa maikrofoni ubavuni mwa waya wa stima. Zikikutana, zipishane kama msalaba.

Hata watengenezaji wa gitaa waliwahi kusumbuliwa na mvumo huu. Mwaka wa 1955 Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya Gibson nchini Marekani, aliomba haki ya uvumbuzi wa kinasa sauti cha gitaa chenye koili mbili zinazopingana. Mvumo huingia katika koili zote mbili, lakini ule wa moja huufuta wa nyingine, na sauti ya nyuzi hubaki.

Hapa lazima nitoe onyo. Kuna watu hukata waya wa ardhini ulio ndani ya plagi ili mvumo uishe. Ni kweli mvumo unaweza kuisha, lakini na wewe pia unaweza kuisha! Waya huo ndio unaoipeleka stima mbali na mwili wako kifaa kikiharibika. Katika nyumba zenye stima ya sambaza mara nyingi waya huo haupo kabisa, na mabati nayo, kama chuma chochote, hupitisha stima. Ukigusa gitaa au maikrofoni ukahisi mwili unatekenywa, usijikaze kiume. Achilia, zima swichi, chomoa, na urekodi kwa betri.

(b) "Shhhhh." Hii ni kama mafuta yanayokaangiwa viazi. Sababu yake kubwa ni kukaa mbali na maikrofoni kisha kuiongezea nguvu kupita kiasi. Sogea! Ukitoka sentimita 60 ukaja 30, mkandamizo wa sauti yako unaofika kwenye maikrofoni huongezeka maradufu, ilhali kelele ya chumba inabaki ile ile. Kaa umbali wa shubiri moja, kisha upunguze nguvu ya maikrofoni. Watangazaji wa redio, wakiwemo wa Pamoja FM iliyoanzishwa hapa Kibera mwaka wa 2007, hawapigi kelele kutoka pembeni mwa chumba. Huongea karibu na maikrofoni.

(c) "Krr! Krr!" Huo ni waya uliolegea au tundu lenye vumbi. Tikisa waya polepole kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine huku mwenzako akisikiliza. Pale unapolia ndipo ugonjwa ulipo.

(d) "Di-di-dit, di-di-dit." Hiyo ni simu inayozungumza na mlingoti wake. Bonyeza ile alama ya ndege, au uipeleke chumba kingine. Simu za wageni pia!

(e) "Puu!" Ni pumzi ya herufi p na b. Vuta soksi ndefu ya nailoni juu ya waya uliokunjwa mviringo, uisimamishe mbele ya maikrofoni. Tena usiongee ukiielekea moja kwa moja, geuka kidogo.

(f) Kelele za nje. Hapa ndipo wengi hudanganyika. Wao hubandika trei za mayai ukutani wakidhani zitazuia redio ya jirani. Trei ni nyepesi, hazizuii kitu, na zikishika moto nyumba imekwenda. Blanketi na godoro husaidia, lakini kwa jambo lingine: hupunguza mwangwi wa ndani ya chumba. Sauti ya nje huzuiwa na ukuta mzito, na mabati si mazito. Kwa hivyo silaha ya mtu wa mabati ni saa. Usikilize mtaa wako kwa siku tatu, uandike kinu cha posho kinasaga saa ngapi, fundi wa kuchomelea anaanza lini, na treni inayopita Laini Saba inasikika wakati gani. Mwito wa adhana na ibada za makanisa uziheshimu, uzipangie nafasi. Mvua ikinyesha, ahirisha. Na ukisikia paa likilia "ta! ta!" jua likichomoza au likifichwa na wingu, kumbuka somo la Fizikia: chuma hutanuka kikipata joto, na hunywea kikipoa.

Kelele kidogo ikibaki, programu ya bure kama Audacity, iliyotoka mwaka wa 2000, inaweza kuipunguza. Huionyesha kwanza sekunde chache za kelele tupu, ndiyo sababu ni vizuri kila mara kurekodi kimya kabla ya mtu kuanza kusema. Lakini ukizidisha, sauti ya nyanya itatoka kama ya mtu aliye ndani ya mtungi.

Mwisho, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha usikilize tena. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na kelele ikaisha, hutajua ni kipi kilichokuponya, na kesho ikirudi utaanza upya.

Wenzangu, wazee wetu wana mengi ya kusema, na vifaa tunavyo tayari. Tufanye majaribio haya kabla ya kwenda kwao, tusije tukafika na kuanza kuhangaika na nyaya huku mzee anachoka. Akifungua kinywa aseme, "Hapo zamani za kale," asikike yeye, sio chaja.