Magunzi Msiyatupe: Makaa Kutoka Mabaki ya Shamba

Msimu wa kupukuchua mahindi ukifika, nyuma ya kila boma huwa kuna rundo la magunzi. Mengine huingia jikoni, mengine huozea pale pale kwenye mvua, na mengine huchomwa tu ili uwanja uonekane safi. Wakati huo huo mama mwenye boma anatoa pesa kununua mkebe wa makaa. Vikundi kadhaa vimetuuliza kama kuna namna ya kugeuza hayo magunzi yawe makaa. Iko, na wala si kazi ya kutisha. Lakini ina mahali pake pa kuteleza, na hapo ndipo tutakawia kidogo.

Kwanza tuelewe kinachotendeka. Moto unataka kitu cha kuungua na unataka hewa. Ukiwasha gunzi mahali wazi, linaungua lote na kubaki jivu. Lakini ukilipasha joto mahali penye hewa kidogo sana, haliwezi kuungua likaisha. Maji yaliyomo hutoka kwanza kama mvuke. Joto likipita digrii 250 au 300 hivi, gunzi huanza kuvunjika ndani kwa ndani, likitoa gesi na moshi wenye utomvu mweusi kama lami. Likifika digrii 400 na zaidi, kinachobaki ni kaboni, yaani makaa yenyewe, pamoja na jivu kidogo. Wataalamu wanaita jambo hili pairolisisi. Jina ni geni lakini kazi si ngeni: mchoma makaa anayefunika magogo kwa majani na udongo anafanya pairolisisi hiyo hiyo. Yeye anakata mti, nasi tunatumia kitu ambacho shamba limeshatupa.

Ufundi wa kutumia pipa kwa mabaki madogo madogo ulitengenezwa vizuri mwanzoni mwa miaka ya 2000 na mwalimu Amy Smith wa chuo cha MIT, Marekani, pamoja na wanafunzi wake. Walianza na makapi ya miwa huko Haiti, nchi ambayo sehemu kubwa ya misitu yake imekatwa. Walitumia pipa la mafuta na uji wa muhogo, vitu ambavyo hata hapa kwetu havikosi. Na sababu ya kuvitafuta tunayo. Mnakumbuka Februari 2018, serikali ilipopiga marufuku kukata miti katika misitu ya umma na ya jamii, vile bei ya gunia la makaa ilivyopanda. Tangu hapo watu wengi walianza kutazama mabaki ya shamba kwa jicho lingine.

Lakini si kila baki ni la kuchomwa. Mabua ya mahindi ni chakula cha ng'ombe, na yasipoliwa yanafaa kufunika udongo au kuoza kuwa mbolea. Kikundi kitakachopokonya ng'ombe mabua ili kupata makaa kitajilipa hasara chenyewe. Tunazungumzia vitu visivyo na kazi nyingine: magunzi huku Trans Nzoia na Bungoma, makapi ya miwa kwenye viwanda vidogo vya sukari nguru, mabua ya pamba ambayo hata hivyo yapaswa kung'olewa baada ya mavuno ili wadudu wasijifiche humo. Ndugu zetu wa Kilifi na Kwale wana vifuu vya nazi, ambavyo hutoa makaa magumu na mazuri kushinda yote tuliyotaja. Makapi ya mpunga ya Mwea yana jivu jingi mno kwa jiko. Hayo afadhali yaende kwenye kitalu cha miche.

Haya, tuje kwenye pipa. Tafuteni la chuma la lita 200. Lililobeba dawa za wadudu au kemikali yoyote msiliguse. Lililobeba mafuta lioshwe kwa maji moto na sabuni kabla fundi hajaanza kulikata, maana mvuke wa petroli uliobaki ndani unaweza kulipuka. Fundi wa jua kali akate kifuniko cha juu kwa namna kitakachoweza kurudishiwa, na chini atoboe mashimo sita au manane, kila moja pana kama yai. Mara ya kwanza washeni moto mkali ndani ya pipa tupu ili rangi na mafuta yaliyobaki yaishe.

Wekeni pipa juu ya mawe matatu, mbali na nyumba na ghala. Simamisheni mti mnene kama mkono katikati, mjaze magunzi makavu kuuzunguka, kisha mwuchomoe. Pale ulipokuwa panabaki njia ya moshi. Tunasema makavu na tunarudia, makavu. Magunzi mabichi yatawatoa machozi nusu siku na hayatawapa kitu. Washeni kwa chini, kwa majani makavu. Moshi utatoka mzito na mweupe, nao una sumu, kwa hiyo wote wasimame upande upepo unakotoka, na watoto wasikaribie.

Sasa hapa ndipo penyewe. Moshi mweupe ni maji. Baadaye hugeuka kuwa wa kijivu au wa manjano manjano, na mara nyingi miali hutokea juu ya pipa kwa sababu gesi zinawaka. Moshi ukianza kuwa mwembamba, kama unaonekana na kama hauonekani, magunzi yameshika na yamezama kiasi, fungeni mara moja. Rudisheni kifuniko, sukumeni pipa kwa mti mrefu literemke kutoka kwenye mawe, kisha mzibe chini na kando ya kifuniko kwa udongo wenye unyevu. Mkiona uzi wa moshi popote, ongezeni udongo hapo. Mkifunga mapema, magunzi yatabaki ya kahawia ndani na yatatoa moshi jikoni. Mkichelewa, mnageuza makaa kuwa jivu.

Halafu mngoje. Magunzi huiva kwa saa mbili au tatu, lakini sisi siku hizi tunaliacha pipa mpaka asubuhi, na tuna sababu. Mara ya kwanza tulipoonyesha kazi hii tulikuwa na wageni, watu walitaka kuona, basi tukafungua pipa likiwa bado moto. Makaa yalikuwa mazuri kabisa, meusi, yanang'aa. Tulipokuwa bado tunapigiwa makofi hewa iliingia, yakashika moto yote, na kabla maji hayajaletwa kutoka mtoni tulikuwa na nusu debe ya jivu. Mama mmoja mzee alituuliza kama jivu hilo tunauza kwa kilo. Kwa hiyo, pipa liwe baridi mpaka mtu aliguse kwa kiganja bila kushtuka.

Msitarajie miujiza: kwa kilo 10 za magunzi makavu mtapata kilo 2 au 3 za makaa. Yaliyo mazima yanatumika vile yalivyo, ingawa ni mepesi na huisha upesi. Yaliyovunjika na yale ya miwa yapondwe yawe unga, yafinyangwe. Kwa kilo 10 za unga wa makaa, pikeni uji mzito wa muhogo kwa nusu kilo hadi kilo moja ya unga. Penye muhogo wa shida, molasi inafaa, hata udongo wa mfinyanzi kidogo, ila udongo huongeza jivu. Changanyeni mpaka ukifumbata mkononi donge lisimame. Fanyeni mipira kwa mikono, au mshindilie ndani ya kipande cha bomba la inchi 2, kisha mwanike juani siku tatu hadi tano. Donge lililokauka vizuri halivunjiki likianguka kutoka kiunoni.

Makaa haya yanachelewa kushika na jivu lake ni jingi kuliko la makaa ya mti. Lakini yakishika hukaa. Kwa maharagwe na githeri ni mazuri sana; kwa chai ya haraka asubuhi mtayalaumu bure. Na tafadhali, kama makaa mengine yoyote, yanatoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kila mwaka wakati wa baridi tunasikia watu waliolala na jiko ndani ya nyumba iliyofungwa wasiamke. Kwamba makaa yametoka kwa magunzi hakubadilishi jambo hilo hata kidogo.

Unga unaobaki unaweza kwenda shambani. Udongo mwingi wa magharibi mwa Kenya una asidi na umechoka, na watafiti waliojaribu makaa ya namna hii huko wameona mavuno yakiongezeka. Makaa yana vitundu vidogo vidogo vinavyoshika maji na chakula cha mmea. Ila msiyamwage makavu, kwa sababu yatafyonza rutuba kwanza na mahindi yatageuka manjano. Yachanganyeni na samadi au yaloweshwe kwa mkojo wa ng'ombe, yakae wiki mbili tatu ndipo yatiwe kwenye mashimo ya kupandia. Mtu asijaribu shamba zima. Mistari minne inatosha msimu wa kwanza, na minne ya kando isiwekwe, ili muone tofauti kwa macho yenu.

Mwisho ni hesabu. Wauzaji wa mashine za kufinyanga wakisikia kikundi kina akiba, hawakawii kufika. Msinunue bado. Chomeni mapipa matano kwanza, na karani aandike kila kitu: kilo za magunzi, saa za watu, bei ya unga wa muhogo, kilo za makaa makavu, na debe ngapi za kununua mmeziepuka. Vikundi vingine vitaona ni afadhali kila mwanachama atumie makaa yake nyumbani kuliko kuyauza. Pesa ya pipa nayo muihesabu. Letu limetumika misimu miwili na tayari limetoboka kiunoni, tunaliziba kwa udongo kila siku ya kazi, na mweka hazina ameshaanza kutenga ya kununua lingine.