Mauaji ya Halaiki kwa Bunduki: Tumlaumu Mtu au Silaha?

Kila tunaposikia kwamba mtu ameingia shuleni au kanisani na kuwamiminia watu risasi, tunauliza: kwa nini? Wengine husema ni shetani. Wengine, ni ugonjwa wa akili. Wengine, ni urahisi wa kupata bunduki. Kisha kila upande hung'ang'ania jibu lake, kana kwamba likikubaliwa moja, mengine yote ni uongo.

Aristotle alifundisha kwamba jambo moja huweza kuwa na visababishi vingi, kila kimoja kikijibu swali lake. Mtakatifu Thomas wa Akwino naye hutofautisha mtendaji na chombo anachokitumia. Kumlaumu mtendaji hakutuzuii kukichunguza chombo.

Tutazame Australia. Tarehe 28 Aprili 1996, huko Port Arthur, Tasmania, mtu mmoja aliua watu 35 kwa bunduki. Mahakama ilimhukumu kifungo cha maisha, kwa maana yeye ndiye aliyetenda. Lakini taifa halikuishia hapo. Ndani ya siku 12, serikali ya waziri mkuu John Howard ilikubaliana na majimbo kupiga marufuku aina za bunduki zinazojipakia risasi zenyewe, na kukaza masharti ya leseni. Serikali ilinunua na kuteketeza bunduki zaidi ya 600,000.

Je, sheria hiyo iliondoa uovu moyoni? Hapana, wala haina uwezo huo. Kwa Mtakatifu Thomas, sheria huwazuia wenye nia mbaya ili wengine waishi kwa amani. Kuugeuza moyo ni kazi ya malezi na neema.

Kwa hiyo tuwe waangalifu na majibu yetu. Tukisema "ni shetani" na kuishia hapo, tunajivua wajibu. Tukisema "ni wagonjwa wa akili", tunawabebesha mzigo usio wao wanaparokia wenzetu wanaougua, ambao wengi wao hawamdhuru mtu yeyote.

Ndugu waseminari, ipo siku mama aliyefiwa atatuuliza: "Kwa nini mwanangu?" Siku hiyo tusimpe mhadhara. Tukae naye, tumtaje marehemu kwa jina, tusali. Lakini tukishazika, tusikubali jamii irudi nyumbani na jibu moja tu, kwa kuwa jibu moja huacha milango mingine wazi.