Ukiukaji wa Makusudi wa Kanuni za Sarufi katika Kiswahili cha Arusha: Kati ya Uasilia na Ucheshi

Ikisiri

Makala haya yanajadili miundo mitatu ya Kiswahili inayosikika Arusha na vitongoji vya Mlima Meru, ambayo huhesabiwa kuwa ni makosa kwa kipimo cha Kiswahili Sanifu: kiambishi cha mazoea -ga, upatanisho wa udogoshi na udunishi kwa nomino za watu, na uigaji wa Kiswahili cha wazungumzaji wa Kimaa. Inabainishwa kuwa miundo hiyo ina kanuni zake, na kwamba athari ya baadhi yake hutegemea ujuzi wa kanuni inayovunjwa. Makala yanapendekeza vigezo vitatu vya kutenganisha kosa na ukiukaji wa makusudi.

1. Utangulizi

Kiswahili Sanifu kilijengwa juu ya lahaja ya Kiunguja. Uamuzi huo ulifikiwa Mombasa mwaka 1928, na kuanzia mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikausimamia. Baada ya uhuru, Tanzania iliunda BAKITA mwaka 1967 ili kuendeleza kazi hiyo. Kwa hiyo kanuni zinazofundishwa shuleni Arusha zilichukuliwa pwani, mbali na miteremko ya Meru.

Wenyeji wa miteremko hiyo ni Waarusha, ambao lugha yao ni Kimaa, na Wameru, ambao lugha yao ni ya Kibantu na ina udugu wa karibu na Kichaga. Mji ulipokua ulivuta pia Wachaga, Wairaqw, Warangi, Wanyaturu na wengine wengi. Katika Soko la Kilombero, Tengeru au ndani ya vifodi, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha watu ambao lugha zao za nyumbani ni za Kibantu, za Kinailoti na za Kikushi. Katika mazingira hayo mzungumzaji mmoja huweza kuwa na Kiswahili cha darasani na Kiswahili cha kijiweni, akavuka kutoka kimoja hadi kingine ndani ya mazungumzo yaleyale.

2. Kiambishi -ga: ukiukaji unaoleta uasilia

Kiambishi -ga hakikuzaliwa Arusha. Kimeenea sehemu kubwa ya Tanzania bara, na wengi hukihusisha na Kisukuma na lugha nyingine za Kanda ya Ziwa. Tazama mifano ifuatayo:

(1) a. Hula hapa.
b. Nakulaga hapa.
c. Tunakulaga hapa.

(2) a. Sili nyama.
b. Silagi nyama.

Sentensi (1a) ni sanifu, lakini haionyeshi ni nani anayekula, kwa kuwa hu- haikubali kiambishi cha nafsi. Nafsi hiyo hujulikana kwa kutaja nomino au kiwakilishi, au kwa muktadha. Katika (1b) na (1c) nafsi na mazoea vimo ndani ya kitenzi kimoja. Mfano wa (2) unaonyesha pengo kubwa zaidi. Kiambishi hu- hakina umbo la ukanushi. Hivyo (2a) huweza kumaanisha kwamba msemaji hali nyama sasa hivi, au kwamba kula nyama si desturi yake. Sentensi (2b) ina maana ya pili tu. Mgeni aliyekaribishwa nyama choma ana sababu nzuri ya kuichagua.

Umbo la ukanushi linafichua jambo jingine. Mzungumzaji asiyependa kitu husema sipendagi, hasemi *sipendiga. Irabu -i ya ukanushi inakaa mwisho kabisa, na -ag- inatangulia: pend-ag-i. Nafasi hiyo ndiyo ambayo Meeussen, katika uundaji upya wa sarufi ya Mame-Bantu alioutoa mwaka 1967, aliiwekea kiambishi *-ag- chenye maana ya kurudiarudia au mazoea. Kisukuma na Kikuyu, miongoni mwa lugha nyingi, vimekihifadhi. Kiunguja hakikukihifadhi. Kwa mtazamo huo, kinachoitwa uharibifu wa lugha ni kurejea kwa kiungo cha kale kwa kupitia lugha ndugu, tena mahali pake palepale.

Hapa hakuna ucheshi. Anayesema “silagi nyama” hamchekeshi mtu; anazungumza kwa namna ambayo wenzake wanaiona ya kawaida. Pengine “hula” ndiyo ingewafanya wenzake kijiweni wageuke kumtazama.

3. Kuchezea ngeli: ukiukaji unaoleta ucheshi

Kanuni inayofahamika sana katika upatanisho wa Kiswahili ni kwamba nomino za viumbe hai hufuata upatanisho wa a-/wa-, hata kama maumbo yake ni ya ngeli nyingine. Ndiyo maana kiongozi, kijana na kipofu huanza na ki- lakini hupatanishwa kama mtu. Hata chalii, neno linalotambulisha vijana wa Arusha, huunda wingi kwa ma- lakini kitenzi chake hubaki cha watu: “machalii wamefika.” Linganisha sasa:

(3) a. Kiongozi wetu amefika.
b. Kiongozi chetu kimefika.

Nomino haijaguswa. Hakuna tusi lililotamkwa wala kivumishi kilichoongezwa. Upatanisho peke yake umemtoa kiongozi katika kundi la watu na kumweka pamoja na viti na vikombe. Msikilizaji hucheka kwa sababu anajua kwamba wetu na amefika ndiyo yaliyotarajiwa. Asiyeijua kanuni hataona kitu cha kuchekesha. Atadhani msemaji hajui Kiswahili. Kwa hiyo mzaha huu ni ushahidi kwamba kanuni ipo hai vichwani mwa watu.

Ucheshi wa aina hii huweza pia kubeba mapenzi:

(4) Katoto haka kamelala.

Ngeli ya ka-, ambayo Kisukuma, Kihaya na Kikuyu vinayo, haimo katika orodha ya ngeli za Kiswahili Sanifu. Hata hivyo, katika (4) haikuingia ovyo: imetawala nomino, kionyeshi na kitenzi. Mvunjaji wa kanuni moja ametii kanuni nyingine kikamilifu.

Kwa mzungumzaji wa Kimaa, kubadili umbo la nomino ili kuonyesha ukubwa au udogo si mzaha hata kidogo. Katika Kimaa, kiambishi cha jinsia ya kiume huweza kuashiria ukubwa na cha jinsia ya kike udogo: olalem ni upanga, enkalem ni kisu. Ulinganifu huu hauthibitishi kwamba Kimaa ndicho chanzo cha mchezo wa ngeli mjini. Unaonyesha tu kwamba majirani hawa wanakutana katika mantiki wanayoielewa wote.

4. Kuiga Kiswahili cha jirani: ukiukaji wenye gharama

Aina ya tatu ni kauli zinazowekwa kinywani mwa Mmaasai katika vichekesho:

(5) Yeye nataka maji.

Hapa na-, ambayo katika lugha sanifu ni mkato wa nina-, hutumiwa kwa nafsi zote. Mzaha huo humdokezea msikilizaji kwamba lugha ya Mmaasai haitofautishi nafsi. Dokezo hilo si kweli: kitenzi cha Kimaa huanza na a- kwa nafsi ya kwanza umoja, i- kwa nafsi ya pili, na e- kwa nafsi ya tatu. Muundo kama (5) ni urahisishaji wa mtu anayejifunza lugha, na ulijulikana pia katika Kisetla, Kiswahili cha walowezi wa Kenya. Mlowezi alitoa amri kwa Kiswahili hicho na ikatekelezwa. Mlinzi wa getini akikitumia, anachekwa.

Tofauti kati ya (3b) na (5) ni ya msingi. Katika (3b) msemaji anavunja kanuni yake mwenyewe, na kwa kawaida anayelengwa ni mwenye hadhi kubwa kuliko yeye. Katika (5) anaazima udhaifu wa mwingine, ambaye mara nyingi hana nafasi ya kujibu. Njia nyingine ipo. Kundi la X Plastaz la Arusha, katika albamu yake *Maasai Hip Hop* ya mwaka 2004, liliuweka uimbaji wa Kimaasai bega kwa bega na rapu ya Kiswahili, bila kuufanya kichekesho.

5. Vigezo vya kutofautisha

Kutokana na uchambuzi huu, vigezo vitatu vinapendekezwa. Kwanza, je, mzungumzaji anaweza kurejea kwenye umbo sanifu muktadha unapodai? Pili, je, ukiukaji wake una utaratibu, kama unavyoonekana katika sipendagi na katoto haka? Tatu, je, msikilizaji anaitambua kanuni iliyovunjwa? Ukiukaji unaoleta ucheshi huhitaji vyote vitatu. Ule unaoleta uasilia huhitaji kigezo cha kwanza na cha pili tu.

6. Hitimisho

Mwanafunzi wa Usa River anayeandika “huwa anakujaga” katika insha atasahihishwa, na ni haki asahihishwe, kwa kuwa insha ya shule ina sajili yake. Jambo la kuamua ni sababu atakayopewa. Akiambiwa kwamba hajui lugha, atajifunza kuionea haya sarufi ambayo kwa hakika anaimudu. Akiambiwa kwamba umbo hilo lina kazi yake na mahali pake, na kwamba mtihani si mahali pake, atapata sajili ya pili bila kunyang’anywa ya kwanza.