Toa Chumvi Kwenye Deli

"Fundi, deli la lita 100 linataka chumvi kiasi gani ili barafu ifike Songea?"

Swali hili naulizwa hapa Mfaranyaki, Songea, na karibu kila anayejiandaa kwenda kuvua Ziwa Nyasa, kule Mbamba Bay au Liuli. Muulizaji anakuwa tayari ameshaaminishwa na dereva, na jirani, na muuza samaki. Kwangu anafuata kipimo tu. Kipimo ni sifuri. Usiweke hata kijiko. Mimi ni fundi wa majokofu, kazi yangu ni kushindana na joto, na ninaumia kuona mtu anatoa hela yake kununua deli zuri, ananunua na barafu, halafu anaiharibu kwa mkono wake kabla gari halijatoka stendi.

Chumvi haiifanyi barafu idumu. Inaiyeyusha. Barafu ya maji matupu huyeyuka kwenye nyuzi 0 za sentigredi. Ukiitia chumvi, kiwango hicho kinashuka, na chumvi ikikolea hadi karibu asilimia 23 ya mchanganyiko kinafika nyuzi 21 chini ya sifuri. Kwa hiyo barafu iliyokuwa imetulia kwenye sifuri inajikuta imeshapita kiwango chake kipya cha kuyeyuka, nayo inaanza kuyeyuka papo hapo. Kuyeyuka kunakula joto: kilo 1 ya barafu humeza kilojuli 334 mpaka iwe maji. Joto hilo linachotwa kwenye barafu yenyewe, kwenye maji na kwenye samaki, ndiyo maana mchanganyiko unazidi kuwa baridi. Mtu anatumbukiza kidole, kinamuuma, anaapa kwamba chumvi imeipa barafu nguvu. Haikuipa chochote. Ubaridi uliopaswa kutumika mpaka kesho jioni umetumika leo asubuhi.

Kuna hasara ya pili ambayo wanaotetea chumvi hawaizungumzii kabisa. Joto linapenya ukuta wa deli kwa kadiri ya tofauti kati ya nje na ndani. Nje kukiwa na nyuzi 28 na ndani 0, tofauti ni 28. Ukishusha ndani kwa chumvi hadi nyuzi 8 chini ya sifuri, tofauti inakuwa 36, na joto linaloingia linaongezeka kwa karibu asilimia 30. Barafu inayeyuka haraka zaidi, na deli linavuta joto zaidi kutoka nje. Unapoteza huku na huku.

Na samaki je? Nyama ya samaki inaanza kuganda nyuzi 1 hadi 2 chini ya sifuri. Magege au mbasa aliyelala kwenye barafu ya chumvi anaganda polepole upande mmoja, na kuganda polepole kunajenga chembe kubwa za barafu zinazopasua nyama kwa ndani. Akiyeyuka anatoa maji, analegea, anakatika kwenye sufuria. Halafu mwenye samaki analaumu deli.

Asiyeniamini achukue vibakuli viwili vinavyofanana, aweke barafu sawa kwa mizani, kimoja akinyunyizie chumvi, avifunike na kuviacha mezani. Baada ya saa moja amwage maji yaliyoyeyuka na apime barafu iliyobaki. Jaribio hili halina gharama, na bado watu wanaendelea kubishana barazani bila kulifanya.

Najua imani hii ilikotoka. Imeshona kweli mbili zikawa uongo mmoja. Kweli ya kwanza: chumvi inahifadhi samaki. Ndiyo, lakini inafanya hivyo kwa kunyonya maji kwenye nyama, na huko inatumika kilo 1 ya chumvi kwa kilo 3 au 4 za samaki, kisha samaki anaanikwa. Konzi ya chumvi iliyotawanyika kwenye kilo 30 za barafu haihifadhi kitu. Kweli ya pili: mashine za zamani za kusokota aiskrimu zilizungushiwa barafu yenye chumvi. Zilizungushiwa kwa sababu aiskrimu inahitaji baridi kali kwa muda mfupi, na aliyesokota hakujali barafu ikiisha baada ya nusu saa. Wewe unataka baridi ya sifuri kwa siku mbili. Ni kazi nyingine kabisa.

Waliowahi kuishi kwa kusafirisha barafu walijua la kufanya. Mwaka 1833 mfanyabiashara wa Boston, Frederic Tudor, alipeleka Calcutta kwa meli ya matanga tani 180 hivi za barafu iliyokatwa kwenye maziwa ya kwao wakati wa baridi. Safari ilichukua miezi minne na kuvuka ikweta mara mbili, na bado zaidi ya nusu ya barafu ilifika. Tudor hakuitia chumvi. Utajiri wake ulitokana na kuhami barafu, na alichokitegemea sana katika biashara yake ni vumbi la mbao, lilelile ambalo maseremala wetu wanalichoma moto nyuma ya karakana.

Kwa hiyo swali la maana ni hili: joto linaingiaje, na nina barafu ya kutosha kulikabili?

Chukua deli la lita 100, nje nyuzi 28. Likiwa na povu la poliyurithani la sentimita 5 pande zote, joto linalopenya linakula kilo 5 hadi 6 za barafu kwa siku. Likiwa na lile povu jeupe linalomeguka punje punje, unene wa sentimita 2 na nusu, linakula kama kilo 15. Ongeza samaki wenyewe. Samaki kilo 30 waliotoka kwenye maji ya nyuzi 26 wanakula zaidi ya kilo 8 za barafu kwa kupozwa tu. Ukibeba barafu kilo 30, deli la kwanza linakuvusha siku mbili ufukweni na linarudi Songea na akiba. La pili linakauka kabla siku ya pili haijaisha. Barabara yenyewe, kilomita 170 hivi za lami, siku hizi si tatizo. Barafu inaisha ufukweni, pale watu wanapofungua mfuniko kila dakika kutoa soda.

Sasa haraka haraka, maana nafasi inaisha. Beba barafu kilo kwa kilo na samaki unaowatarajia; kwa samaki kilo 30 nunua deli la lita 100, na kumbuka likijaa linapita kilo 70, basi liwe na mishikio ya watu wawili. Gonga mfuniko: ukisikia utupu ndani, hauna povu, liache deli hilo dukani. Bana kipande cha karatasi kwenye mpira wa mfuniko. Kikichomoka bila kukaza, baridi itatoka hapo hapo. Bawaba na vifungio viwe vya chuma kisichoshika kutu. Kizibo cha kutolea maji kiwe kipana, kwa sababu maji ya damu lazima yatoke. Plastiki nene ya kipande kimoja, mtindo ambao kampuni ya YETI ya Texas, iliyoanzishwa mwaka 2006, iliupa umaarufu, inavumilia kutupwa kwenye buti la basi. Kama bei inakushinda, mpe seremala atengeneze kasha la kuta mbili, ajaze katikati vumbi la mbao lililokauka kabisa, na ndani livikwe bati lisilovuja. Vumbi likilowa halifai tena, libadilishwe.

Usiku wa kuamkia safari weka chupa za maji yaliyoganda ndani ya deli tupu, ili kuta zisile barafu yako ya kwanza. Chukua barafu ya bonge kwa ajili ya kudumu na iliyopondwa kwa ajili ya kupoza, kwa sababu bonge linagusa samaki sehemu chache. Soda zipewe boksi lake. Samaki mpasue, mtoe matumbo, mwoshe, mpange tabaka kwa tabaka, barafu chini, katikati na juu. Deli likae kivulini na lifunikwe blanketi. Ndiyo, blanketi: halina joto lake lenyewe, linazuia la nje lisiingie. Samaki aliyekaa kwenye nyuzi 10 anaharibika kwa kasi mara 4 ya yule aliyekaa kwenye sifuri, kwa hiyo ukifika nyumbani usimwache ndani ya maji yaliyobaki ukasema bado ni wa baridi. Mtoe, mweke kwenye friji au umpike, kisha osha deli kwa sabuni na uliache wazi likauke.